Abiria Hushuka, Kamusi Haishuki

Fundi hakuzitazama kashata za tairi. Alipiga goti moja kwenye vumbi la Barabara ya Masaka, akaingiza kichwa uvunguni mwa basi, akamulika tochi ya simu kwenye ubavu wa ndani wa tairi, upande ule ambao mpita njia haoni. Akasugua tope kwa kidole gumba, akapaka chaki juu ya maandishi ili yajitokeze, kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo usome. Wewe si ndiye mtu wa vitabu?"

Nikainama, nikasoma. D, O, T, halafu msururu wa herufi ambao kwangu haukuwa na maana, na mwishoni, ndani ya kiduara kirefu kama punje ya haragwe, tarakimu nne: 2213.

"Wiki ya 22 ya mwaka 2013," akasema. "Lina miaka kumi na moja hili."

"Lakini kashata zake bado zimejaa," nikajitetea.

"Hata maiti huwa na meno, mwalimu."

Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka 2024, Nateete, magharibi mwa jiji la Kampala. Siku mbili kabla tulikuwa tunatoka Masaka, tunakatiza kinamasi cha Lwera saa nane mchana, jua la kuchoma, lami inameremeta kama imemwagiwa mafuta. Ukasikika mshindo chini ya miguu yetu, sakafu ikatikisika, rafu ya vitabu vya sayansi ikamwaga nusu ya mzigo wake. Lilikuwa tairi la ndani la nyuma, upande wa kushoto. Dereva aliapa hakuhisi kitu kabla ya hapo, nami namwamini, kwa sababu matairi pacha hufichiana siri. Moja likipungua upepo, jirani yake humshikia mzigo na gari huendelea kusimama wima. Lile lililolegea linajikunja na kujikunjua kila mzunguko, linajipika kwa joto lake lenyewe, hadi nyuzi za ndani ziachane na mpira. Tulifunga spea, ambayo baadaye tuligundua ilikuwa ndugu wa marehemu, tena kaka mkubwa, tukatambaa hadi Kampala.

Basi letu si basi tena. Kwa miaka lilikuwa la masafa marefu, viti 49, usiku na mchana, mpaka wenye nalo wakalichoka. Sisi walimu na wazazi wachache tulichanga tukalinunua, tukang'oa viti, tukajenga rafu upande mzima wa kushoto, tukaweka meza nyembamba upande wa kulia, jenereta, betri nne, tangi la maji la lita 500, na vitanda viwili nyuma kwa wanaolala nalo safarini. Vitabu ni kama 4,000. Muhula wa shule ukiwa umefunguliwa, linazunguka shule za msingi za Mpigi, Gomba, Kalungu na Masaka. Likizo zikifika linasimama uani Nateete, wiki hata sita bila kusogea hatua moja.

Tuliporudi na tairi lililochanika, mweka hazina wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja tu: tunanunua tairi moja au yote? Nilidhani jibu ni rahisi, tairi moja. Lilinichukua majuma matatu, mizani moja na magomvi mawili kujua kwamba tulikuwa tukiuliza swali lisilo lenyewe.

Ukitaka kufundishwa matairi, Nateete ni mahali pazuri pa kwenda shule. Barabara ya Masaka inapita katikati yake ikibeba kila kinachokwenda Mbarara, Kabale, Rwanda na Kongo. Mbele kidogo ni Busega, inakoishia barabara ya mchepuko wa kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009, na inakogusa ile ya haraka ya kwenda Entebbe, ya mwaka 2018. Nyuma kuna Nalukolongo na karakana yake ya reli. Kando kuna Wakaliga, mtaa ambao Isaac Nabwana aliupatia jina duniani kwa kutengeneza sinema za mapigano zenye bunduki za vyuma chakavu. Watu wa huku hawatupi chuma wala mpira. Kwa Kiganda tairi ni *omupiira*, neno lilelile la mpira wa miguu, nasi Waswahili hatuna haki ya kucheka maana tunasema vivyo hivyo.

Na magurudumu yana historia yake hapa, ya ajabu kidogo. Alexander Mackay, yule mhandisi Mskoti wa Kanisa la Anglikana, alifika Buganda Novemba 1878 na kuishi Nateete. Kanisa la kumbukumbu yake lipo mpaka leo. Kabla hajafika, mwaka 1877, alikuwa ameshughulika kufyeka barabara kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi, ili mikokoteni ya ng'ombe ipite. Barabara ikapatikana, ila mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mackay alifariki Februari 1890 kule Usambiro, kusini mwa ziwa, miaka miwili tu baada ya Dunlop kupata hataza ya tairi la upepo. Sijui kwa nini jambo hili hunigusa kila nipitapo mbele ya kanisa lile. Mtu aliyefanya barabara kabla tairi halijawa tairi.

Tuendelee na basi.

Fundi wetu ni mtu wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa huku, ila kazi aliisomea Nakuru na ndiko alikookota Kiswahili chake. Hana duka. Ana kontena nusu, kompresa, nyundo za ukubwa wa aina nne, na beseni la maji ya sabuni. Siku ile alituzungusha matairi yote sita akiwa na msumari mdogo mkononi. Aliukita kwenye mikunjo ya mbavu za tairi, mahali mpira unapopinda, akatuonyesha nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Kisha akauliza basi linalala wapi wakati wa likizo. Tukamwambia: uani, nyuma ya mchomeleaji.

Akaguna. "Mnaliua wenyewe."

Mpira wa tairi huchanganywa na aina ya nta inayoulinda dhidi ya ozoni, hewa ile inayoupasua mpira taratibu. Nta hiyo hujipenyeza juu ya uso wa tairi linapokunjwa na kukunjuliwa barabarani. Tairi linalosafiri kila siku hujipaka dawa lenyewe, lakini lililosimama miezi halijipaki kitu, tena uzito wote unakandamiza mahali pamoja. Na cheche za umeme, kama zile za mashine ya kuchomelea, huzalisha ozoni. Kwa hiyo sisi tulikuwa tumelilaza basi la tani kumi na tano, likiwa limejaa, juani, halisogei, jirani na kiwanda kidogo cha kupasua mpira. Halafu tunashangaa.

Hapo nikaelewa kwa nini ushauri wa madereva wa masafa marefu ulikuwa haunifai. Wao wanauliza tairi litakimbia kilomita ngapi, maana lao litakwisha kashata kabla halijazeeka. La kwetu litazeeka kabla kashata hazijapungua hata nusu. Tulihitaji tairi ambalo limetoka kiwandani juzi, si tairi la jina kubwa ambalo limekaa dukani.

Waingereza walilijua hilo kwa gharama ya damu. Septemba 2012, basi la kukodi lililokuwa likiwarudisha vijana Liverpool kutoka tamasha la muziki la Bestival liliacha barabara huko Surrey na kugonga mti baada ya tairi la mbele kupasuka. Watu watatu walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19, na sheria ya wakati huo haikulikataza. Mama wa mmoja wa vijana hao alipigania jambo hilo kwa miaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 ni marufuku kule kuweka tairi lenye umri wa zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi. Nilipomsimulia fundi, alinyamaza, akaenda kusoma namba za spea yetu kwa mara ya pili, akaisukuma kando kwa mguu.

Sasa mizani, na hapa nitakaa kidogo.

Sote tulikuwa tumejituliza kwamba basi limepungua uzito. Hesabu ilikuwa rahisi: abiria 49, kila mmoja kilo sabini hivi, ni tani tatu na nusu kabla hujagusa mizigo yao, na viti vyenyewe vimetoka. Vitabu 4,000 kwa wastani wa nusu kilo ni tani mbili. Kwa hiyo tumebaki na nafasi. Fundi alisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema abiria hukaa kushoto na kulia. Vitabu vyenu vimekaa wapi?

Tulikwenda kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye mizani ya kupimia malori. Kwanza ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma. Kisha dereva akalirudisha basi na kulipandisha nusu, magurudumu ya kushoto juu ya jukwaa, ya kulia nje, ardhi ikiwa sawa pande zote. Vijana wa pale walitucheka, wakidhani hatujui kuendesha. Mbele: tani 5.6. Nyuma: tani 9.4. Kisheria tulikuwa salama, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na mizani ya Lukaya ilikuwa haijawahi kutusumbua. Lakini gurudumu la mbele kushoto peke yake lilibeba kilo 3,100, la kulia 2,500. Nyuma kushoto 5,200, kulia 4,200. Basi lilikuwa limeegemea kamusi.

Tena kuna tofauti nyingine ambayo haionekani kwenye mizani. Abiria hushuka. Wakifika Masaka wanachukua mabegi yao na tairi linapumua hadi asubuhi. Kamusi haishuki. Inalala mle mle, usiku kucha, likizo nzima, juu ya tairi lilelile.

Nikarudi madukani na karatasi yangu ya vipimo kama mgonjwa aliyetoka maabara.

Kila tairi kubwa lina namba mbili za uzito zilizotenganishwa na mkwaju, na herufi ya mwendo nyuma yake. Mfano 152/148M. Ya kwanza ni mzigo likiwa peke yake, ya pili ni likiwa pacha. Namba hizo si kilo. Zina jedwali lake. 152 ni kilo 3,550, 148 ni kilo 3,150. M ni kilomita 130 kwa saa, L 120, K 110, na dereva wetu hapiti 80 hata akikimbizwa, kwa hiyo herufi haikunisumbua. Pacha hupewa mzigo mdogo kwa sababu hazigawani sawasawa: barabara ina mgongo, na joto la katikati halina pa kutokea.

Duka la kwanza lilikuwa na 11R22.5, bei nzuri, mpya, namba zake 146/143. Hiyo ni kilo 3,000 mbele na 2,725 kwa pacha. Muuzaji alichukua karatasi yangu, akaangalia tani 5.6 za mbele, akagawa kwa mbili: "2,800, ssebo. Inabaki." Na angekuwa amesema kweli kama basi lingekuwa limejaa abiria. Kwa gurudumu letu la kushoto, kilo 100 tayari zilikuwa zimepita mpaka, kabla ya shimo la kwanza. Nadhani zaidi ya nusu ya mabasi yaliyogeuzwa kuwa kliniki, maduka au makanisa ya kutembea yananunuliwa matairi kwa hesabu hiyo ya kugawa kwa mbili. Ni dhana yangu tu, lakini ninaiamini.

Duka la pili likanisukuma upande wa pili: 315/80R22.5, tairi pana la malori makubwa, "usahau shida." Fundi alikataa kwa sababu mbili. Rimu zetu zina upana wa inchi 8.25 na tairi hilo linataka 9. Na nyuma, pacha zingekaribiana mno. Zikibebeshwa mzigo zinavimba na kubusiana, na busu la matairi huishia kwa moto. Kuna na jambo la kimo. 295/80R22.5, saizi iliyokuja na basi, ina kipenyo cha milimita 1,043 hivi ukipiga hesabu. 315/80 inafika 1,075. Ni asilimia tatu, kwa hiyo kipima mwendo kikisema 80 wewe unakwenda 82 na zaidi kidogo. Kwa dereva wetu hilo lingekuwa tusi.

Mzee mmoja katika chama chetu, aliyewahi kuwa na lori, alitaka turudi kabisa kwenye matairi ya tyubu, 10.00R20, yale yenye ringi ya chuma ya kubana. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ukipata pancha ndani ya Gomba, kila kijiji kina kijana wa kuziba tyubu, na kimo cha tairi hilo kinakaribiana na 11R22.5. Lakini ingebidi kununua na rimu saba, na ile ringi nimewahi kuiona ikiruka wakati wa kujaza upepo; ilipasua ukuta wa matofali. Lile lilikuwa gomvi la kwanza. Lilikwisha kwa mzee kusema tufanye tunavyotaka, akaenda kunywa chai.

La mitumba nitalipitia haraka. Yapo mengi, yanapendeza, yamepakwa rangi nyeusi inayong'aa hadi unajiona uso. Mng'ao huo hauongezi kitu; mafuta mengine hata huikokota ile nta ikatoka. Moja lilikuwa na picha ndogo ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Maana yake limetengenezwa kwa baridi, mpira wake laini, na kwenye lami ya Lwera litalika kama sabuni. Labda kama una safari ya Rwenzori. Mengine yalikuwa yamechongwa upya kwa kisu cha moto, mifereji mipya ndani ya mpira uliokwisha, na ubavuni hapakuwa na alama inayoruhusu kuchongwa.

Matairi yaliyovalishwa mpira upya kiwandani ni habari nyingine, na yanasingiziwa. Ndege zinatua nayo kila siku. Kwa basi linalofanya kazi kila siku, nyuma, juu ya mwili mzima wa tairi ambao bado kijana, ni akiba ya maana. Marekani inakataza kuyaweka magurudumu ya mbele ya basi, na sababu yake haihitaji maelezo. Ila kwetu sisi ugonjwa ni uzee wa mwili wenyewe, na kumvika mzee suti mpya hakumpunguzii miaka.

Kilichonikera ni duka la nne. Matairi mapya, stika bado ipo, vinyweleo vya mpira bado vimesimama, saizi yenyewe, 152/148. Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Fundi akaomba lizungushwe, kwa kuwa tarehe kamili huandikwa ubavu mmoja tu, na wauzaji wengine hulipanga ubavu huo ukutani. 3517. Limekaa gizani miaka saba bila kukanyaga barabara. Muuzaji akasema, kwa uso mkavu, kwamba tairi halina tarehe ya kuisha kama maziwa. Tulishindana naye hadi wateja wengine wakakusanyika. Hilo lilikuwa gomvi la pili, nalo nililifurahia zaidi ya la kwanza.

Tulipata tulichotaka sehemu isiyo na mbwembwe, kwa jina la kiwanda ambalo sikuwahi kulisikia: 295/80R22.5, 152/148, na namba zikisomeka 0824 na 0924 kwa yote saba. Na kwa kuwa nusu ya njia zetu ni murramu, hatukuchukua yenye mistari ya moja kwa moja mbele na kashata kubwa nyuma, kama wafanyavyo wenye mabasi ya lami. Tulichukua mtindo mmoja wa kati kwa magurudumu yote. Wataalamu watasema nyuma tumepoteza mshiko kidogo kwenye tope. Ndiyo. Lakini sasa spea moja inaingia popote, na tunaweza kuyazungusha, la kushoto likapumzike kulia.

Mweka hazina aliuliza tena kwa nini saba, wakati lililopasuka ni moja. Fundi alimjibu kwa kamba. Alizungusha uzi wa katani kwenye tairi jipya likiwa na upepo, akaweka fundo. Akauzungusha kwenye lile la zamani ambalo lingekuwa pacha wake. Jipya: mita 3.28. La zamani: 3.24. Sentimita nne za mzunguko. Kwa pacha, alisema, zikizidi mbili ni ugomvi, kwa sababu magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja lazima yazunguke sawa. Kubwa linabeba, dogo linaburuzwa. Mama aliushika ule uzi, akaupima tena mwenyewe, akasaini.

Kufunga kulichukua siku nzima. Kijana wa fundi alivunja msumari mmoja wa gurudumu kwa kusahau kwamba kwenye basi la aina yetu nati za upande wa kushoto hufunguliwa kinyume. Alipigwa kofi la mgongo, likamtosha. Tairi lisilo na tyubu halikubali kukaa kwenye rimu mpaka lipate upepo wa ghafla, na nimeona wengine wakimwaga petroli na kuwasha kiberiti ili mlipuko ulisukume. Huyu wa kwetu anatumia tangi la upepo lenye mdomo mpana, na wakati wa kujaza husimama pembeni, kamwe si mbele ya ubavu. Valvu za matairi ya ndani aliziongezea shingo ndefu ili geji ifike. Naamini lile la Lwera lilikufa kwa sababu hiyo tu: mdomo wake ulikuwa haufikiki, na utingo alikuwa akiligonga kwa chuma na kusikiliza mlio. Chuma hukuambia tairi lililokufa. Lililopungua robo ya upepo linalia kama zima.

Kabla hatujaondoka tulihamisha rafu mbili. Ensaiklopidia na kamusi zote zikaenda kulia, tangi la maji pia, na tuliporudi mizanini gurudumu la mbele kushoto lilikuwa kilo 2,850. Wasomaji wanalalamika kwamba hawapati tena kamusi mahali pake.

Safari ya kwanza tulisimama Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, kilomita sabini na kitu kutoka mjini, kwa sababu nati zinatakiwa kukazwa tena baada ya kilomita hamsini hadi mia. Watalii walikuwa wakitazama maji yakizunguka kwenye karai, mara huku, mara kule. Mmoja akaacha karai lake akaja kumtazama dereva wetu akikaza nati, kulia akizungushia upande mmoja, kushoto upande wa pili, akauliza kama hiyo nayo ni kwa sababu ya ikweta. Dereva akamwambia ndiyo.

Siku hizi basi halilali tena nyuma ya mchomeleaji. Linalala juu ya mbao, magurudumu yamefunikwa kwa magunia, na kila Jumamosi ya pili ya likizo dereva hulipeleka Busega na kulirudisha, tupu, bila kazi, majirani wakimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Asubuhi yake, matairi yakiwa bado baridi, hupima upepo na kuandika kwa chaki juu ya kila gurudumu: 120, 120, 120. Jumamosi iliyopita nyuma kulia, la ndani, liliandikwa 112. Tulilitafuta tundu kwa maji ya sabuni dakika ishirini nzima. Kilikuwa kifuniko cha valvu, kimedondoka njiani, na mchanga umeingia mdomoni. Tulinunua kingine hapohapo barabarani, na vitatu vya akiba, dereva akaviweka kwenye droo ya kadi za maktaba, herufi V.